Vipozamataza wa Ukanda wa Ugomvi

Damu ya kwanza kumwagika katika ukanda ule ilikuwa ya fahali. Mzee Machogu alikuwa hajakaa kaburini hata msimu mmoja pale fahali wa Mogire alipovuka na kuanza kula nyasi za katikati. Abner akatoka nyumbani kwake na shoka, akamkata mguu wa nyuma. Yule mnyama alinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyethubutu kwenda kummaliza, maana Abner alikuwa amesimama upande huu na shoka lake, na Mogire amesimama upande ule na upinde, kila mmoja akingoja mwenzake aingize mguu. Nyamoita, mke wa Abner, aliyatazama hayo akiwa mlangoni, mtoto wake Kwamboka mgongoni. Mwaka ulikuwa 1963, na ndoa yake ilikuwa bado changa.

Abner na Mogire walikuwa wana wa baba mmoja, kila mmoja na mama yake. Machogu alipozeeka aliwaonyesha mashamba yao kwa ncha ya fimbo: huku kwa Abner, kule kwa Mogire, juu ya mgongo wa kilima unaotazama soko la Nyamarambe. Katikati akajibakizia malisho yake, ukanda wa nyasi ambao mtu hodari angeweza kurusha jiwe kutoka ukingo huu hadi ule, ulioshuka toka kileleni hadi kijitoni. Akafa bila kusema ni wa nani. Baadaye maafisa wa ardhi walikuja na minyororo yao ya kupimia, ndugu wale wakataka kuuana mbele yao, na maafisa wakafunga mizigo wakisema watarudi. Hawakurudi upesi. Basi ikawa aliyetia jembe pale alipigwa mshale, aliyetia ng'ombe alipoteza ng'ombe. Kilima kizima kililimwa, mahindi, wimbi na migomba hadi kwenye kingo za njia, lakini ukanda ule ulibaki nyasi na vichuguu.

Abner hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kanisani, siku ya Sabato, sauti yake nzito ndiyo iliyoshikilia wimbo, na watu walimsifu. Nyumbani, alipokasirika, sauti ile ilizidi kushuka hadi ikawa kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala, na Nyamoita akishaisikia hivyo alijua afunike kichwa kwa mikono.

Siku moja ya mvua za masika alipigwa kwa sababu alimsalimia Eucabeth, mke wa Mogire, walipokutana kijitoni. Salamu tu. Abner alimpiga kwa mpini wa jembe, na alipoinama kuokota mpini uliomponyoka, Nyamoita akatoka mbio. Hakufikiri anakwenda wapi. Aliruka mtaro uliotenga shamba lao na ukanda, akaingia kwenye nyasi, akaanguka kifudifudi, akatulia.

Abner alikuja akasimama kwenye mtaro.

"Mama Kwamboka," aliita, sauti yake chini kabisa. "Rudi nyumbani."

Nyamoita alijibana chini. Alimwona kupitia mabua ya nyasi, viatu vyake vya mpira ukingoni kabisa, na akaona kwamba vile viatu havisogei. Upande wa pili, kwenye migomba yake, Mogire alikuwa ameshatoka na upinde. Abner alisimama, akatema mate, akarudi.

Ndivyo Nyamoita alivyogundua kwamba pale ndipo mahali pekee duniani ambapo mumewe hangeweza kumfuata. Na ndivyo alivyowafahamu wale ndege. Aliyelala kifudifudi kwenye nyasi huona mambo ambayo anayepita na mtungi kichwani hayaoni.

Kwanza alisikia mluzi. Dume alikuwa juu ya kichuguu, kifua mbele, akipiga mluzi mwembamba wenye mkunjo mwishoni, ananyamaza kidogo, anaurudia uleule. Watoto wa kilima kile walisema ndege huyo anaita "inchwo", yaani njoo, lakini hamwiti yeyote. Kila baada ya muda alijirusha kidogo juu ya kile kichuguu na kuyapiga mabawa yakatoa sauti ya prrr, kama mtu anayepangusa mkeka, kisha akatua palepale. Kiswahili kinamwita kipozamataza. Nyamoita hakuwa na jina lake. Alimwona tu: mkubwa kuliko shomoro kwa kiasi, rangi ya udongo uliokauka, mgongo una michirizi myeusi kana kwamba amelala juu ya makaa. Lakini kisogoni alikuwa mwekundu kama kutu, na alipofungua bawa, wekundu ule ulionekana tena. Alipokasirika alisimamisha kishungi kifupi kichwani. Ukucha wake wa nyuma ulikuwa mrefu, umenyooka, wa kutembelea chini na si wa kushikia matawi.

Jike, Nyamoita alimwona alipokuwa tayari kuondoka. Aliweka kiganja chini ajiinue, na mbele ya vidole vyake kitu kikachomoka kutoka kwenye shina la nyasi. Hakikuruka. Kilikimbia, kichwa chini, kikapenya kati ya mabua kama panya, na kilipofika mbali ndipo kikainuka na kuruka chinichini, bawa moja likining'inia kama limevunjika. Nyamoita akajua mara moja kwamba anadanganywa. Alitazama pale kilipotoka. Chini ya shina la nyasi kulikuwa na shimo dogo, limetandikwa mizizi laini, na nyasi za juu zimesukwa zikainama kama kibanda cha nusu. Ndani mayai, meupe yaliyochafuka, yamenyunyiziwa madoa ya kahawia. Yalikuwa na joto. Nyamoita, uso umevimba, jicho moja halioni, aliyagusa kwa kidole, kisha akafuta alama za magoti yake kwa kuzisimamisha nyasi moja moja.

Tangu hapo kila alipopigwa alikimbilia ukandani, na kwa miaka kadhaa alipigwa mara nyingi. Alijifunza kwamba jike huatamia peke yake na dume huimba tu, lakini makinda yakitoka wote wawili huleta chakula: panzi, viwavi, kumbikumbi wa baada ya mvua. Hawakutua kamwe kiotani. Walitua mbali, wakaja kwa miguu kwa njia ya kuzunguka. Makinda yalikuwa na manyoya ya rangi ya majani makavu, na yalipofungua midomo, ndani kulikuwa na rangi ya machungwa yenye madoa meusi kwenye ulimi. Yalitoka kiotani kabla ya kujua kuruka, yakajitawanya kila moja chini ya jani lake, yakanyamaza, na wazazi walilijua kila moja lilipo.

Si yote yaliyofika hapo. Mara moja Nyamoita alifika akiwa anatema damu, akalala, na mbele yake nyoka wa kijani alikuwa ameshatia kichwa kiotani. Jike alimrukia. Alimdonoa nyoka kichwani, akarudi nyuma, akamrukia tena, kishungi kimesimama, mdomo wazi, na wakati huo nyoka anameza bila haraka, kinda moja, kisha jingine, miguu yao midogo ikionekana mwishoni. Nyamoita alitafuta jiwe hakupata. Alimshika nyoka mkia kwa mkono mtupu akampiga kwenye kichuguu mpaka kichwa kikapasuka. Alipomaliza aliufuta mkono wake kwenye nyasi. Alipenda kule kupiga. Jambo hilo lilimtisha kuliko nyoka. Mvua hizohizo hazijaisha, ndege wale walikuwa wameshatandika kiota kingine chini ya nyasi nyingine.

Mwaka wa 1968 Eucabeth aliingia ukandani kukata nyasi za kuezekea jiko. Alidhani Abner amekwenda sokoni. Nyamoita alikuwa anapepeta wimbi uani, na kutoka pale alisikia mlio, kama kuni kavu inayovunjwa kwa goti, kisha kelele. Abner alirudi akanawa mikono.

"Mkono tu," alisema. "Ningeweza kuvunja shingo."

Mkono wa Eucabeth ulifungwa kwa vijiti na wanawake wa upande ule, ukapona vibaya. Kuanzia kiwiko ulielekea nje, kama mkono wa mtu anayeonyesha njia.

Mogire alingoja kiangazi. Upepo ulipogeuka kuelekea kwa Abner aliwasha nyasi kutoka juu, na moto ukashuka ukavuka mtaro kama haupo. Ghala la mahindi liliteketea, na mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma yake akaungua akiwa hai, akilia kama mtu. Kesho yake ukanda wote ulikuwa mweusi, na vipozamataza walikuwa wanatembea juu ya majivu, wanaokota panzi waliookwa, wanajichimbia vishimo na kuoga vumbi. Moto haukuwaua, maana kiangazi si wakati wao wa mayai. Nyamoita aliwatazama huku ananusa harufu ya yule mbuzi. Mvua ziliponyesha nyasi zikaota upya, nao wakaanza tena.

Baada ya moto ule, Abner aliapa ataulima ukanda mzima, na atakayemzuia atazikwa humo. Aprili ya 1971 alimkodi Jeconia Obiero, mtu wa upande wa ziwa, aliyekuwa akizunguka na ng'ombe wake wa kulimia pamoja na plau. Obiero hakuambiwa habari za ukanda. Aliambiwa ni malisho ya zamani yanayotaka kugeuzwa shamba. Alifika asubuhi, akafunga nira akiimba wimbo wa kwao, na Abner akamweka Nyamoita mbele awaongoze ng'ombe. Yeye mwenyewe alitembea kando na mjeledi, mkuki ameulaza kwenye mtaro karibu.

Mifereji ya kwanza ilipita salama. Udongo uligeuka mweusi, mzuri. Mogire alikuwa amekwenda Tabaka kwa jamaa zake, na Abner alijua. Alitaka kumaliza kabla hajarudi.

Walipokuwa wanapanda mfereji wa katikati, Nyamoita aliona jike akichomoka mbele ya kwato na kukimbia. Aliona shina la nyasi lilipo. Hakuamua, mwili wake ulisimama wenyewe. Ng'ombe wakasimama.

"Mama," Obiero aliita kutoka nyuma kwa Kiswahili chake, "ondoka mbele, hii plau ikisimama kupanda tena ni kazi."

"Pitisha kando," Nyamoita alisema. "Hapa kuna makinda."

"Kuna nini?"

Mjeledi ulimkata shingoni. Abner alimpiga mara ya pili, ya tatu, na Nyamoita hakuondoka. Alikuwa amepanua miguu juu ya lile shina, mikono yake imeshika pembe za ng'ombe wa kulia. Obiero akaachia mikono ya plau.

"Omera, ndugu yangu, huyu ni mtu," alimwambia Abner. "Mimi nililetwa kulima."

Maneno hayo yalikuwa bado hewani Mogire alipotokea kwenye migomba. Mtu alikuwa amemkuta njiani akamwambia. Alikuja mbio na panga, ameloa jasho, na kilio alichokitoa alipoona ule udongo mweusi hakikuwa cha hasira peke yake. Obiero alikata kamba za nira, akawafukuza ng'ombe wake kuteremka, akawafuata. Plau ilibaki imelala ubavu.

Abner hakuwahi kuufikia mkuki. Mogire alimkata begani, nyama ikafunguka. Abner akazungusha mjeledi ukamshika Mogire shingo, akamvuta, wakaanguka wote wawili ndani ya mfereji. Walipigana chini kwa vichwa, kwa meno. Panga lilimtoka Mogire, likashikwa na Abner. Mogire aliinua mkono kujikinga na vidole vyake vikaondoka, vikaanguka kwenye udongo uliogeuzwa. Abner akampandia kifuani kwa goti, akamshika nywele, akamgeuza uso upande mmoja ili shingo ibaki wazi. Alifanya kwa utaratibu. Na Nyamoita, aliyekuwa hatua chache nyuma, aliisikia sauti yake.

"Tulia," Abner alimwambia ndugu yake, kwa sauti ileile ya chini. "Tulia, haitachukua muda."

Jembe la Nyamoita lilikuwa palepale, alilokuja nalo la kusawazisha mabonge. Alilishika kwa mikono miwili akampiga mumewe kisogoni kwa upande wa kisigino cha chuma. Alimpiga mara moja tu. Abner aliangukia pembeni kama gunia lililokatwa kamba, macho yakiwa wazi.

Hakufa. Kwa miaka mingi baadaye Nyamoita alijiuliza kama alitaka afe. Miguu ya Abner haikusogea tena, wala mkono wa kulia, na ile sauti ikabaki kuwa mkoromo.

Jioni hiyo ua ulijaa watu. Mzee Ombui, ndugu mdogo wa marehemu Machogu, alikuja na wanaume wa nyumba ya Abner wenye mapanga. Mogire alikuwa amefungwa kamba kwenye mti wa kahawa, mkono wake umezungushiwa majani ya mgomba, damu inapita. Naibu wa chifu aliuliza nani amefanya hivi.

"Si unamwona?" Ombui alisema, akimwonyesha Mogire kwa fimbo. "Alimvamia ndugu yake shambani kwake. Apelekwe."

"Ni mimi," Nyamoita alisema.

Watu waligeuka.

"Mama Kwamboka amechanganyikiwa," Ombui alisema upesi. "Amemwona mumewe akianguka. Nenda ndani, mama."

"Tata, baba yangu, sikuchanganyikiwa. Mogire alimkata bega, hilo ni lake. La kisogoni ni langu. Alikuwa anataka kumchinja."

Ombui alimsogelea kama anayetaka kumnong'oneza. "Huyu akifungwa, ukanda ni wetu," alimwambia polepole. "Watoto wako watakula nini?"

"Ni mimi niliyempiga," Nyamoita akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Fimbo ya Ombui ilimpata mdomoni, kisha wanaume wengine wakamvamia kwa mateke, na kama naibu wa chifu asingempakia pamoja na Mogire na kuwapeleka wote Kisii, asingefika asubuhi.

Alikaa rumande miezi mingi. Mogire alitibiwa, akaachiliwa, na kesi ilipoanza alisimama mahakamani mkono wake umefungwa kitambaa akasema kwamba bila mama huyu yeye angekuwa mfu. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakumtazama. Hakimu akasikiliza, akaangalia makovu ya Nyamoita, ya zamani na mapya, akamwachilia.

Alirudi kilimani kwa miguu kutoka barabarani. Alitarajia kumkuta mumewe ameshazikwa, maana nani angemlisha? Mamake Abner alikuwa marehemu, watoto walikuwa wamechukuliwa na shangazi yao, na watu wa Ombui, alivyosikia, walichoka mapema. Aliingia nyumbani akamkuta Abner amelazwa kwenye ngozi, ametakata, na kando yake amechuchumaa Eucabeth, anamlisha uji. Alikuwa amelishika bakuli kwa mkono mzima na kijiko kwa mkono uliopinda, kwa hiyo ule mkono ulikwenda na kurudi mbele ya macho ya Abner, ukielekea nje, na kila kijiko kilimwagika kidogo.

Nyamoita alisimama mlangoni.

"Mama Nyangate," alisema. "Nani alikutuma?"

"Hakuna." Eucabeth hakugeuka. "Walikuwa wamemwacha. Nzi walikuwa wameshaanza."

"Basi umemwonea huruma."

"Huruma?" Eucabeth alicheka, kicheko kikavu. "Kila siku namlisha kwa mkono huu. Nataka auone. Akifa leo atauona siku ngapi?"

Akaweka bakuli chini, akainuka, akampita Nyamoita mlangoni. Kisha akarudi hatua moja.

"Usimpe uji wa moto. Hawezi kusema kama unamchoma." Alifikiri kidogo. "Mimi mwanzoni nilimpa wa moto."

Nyamoita alimlisha Abner kwa miaka iliyobaki. Alimgeuza, akamwosha, akampaka mafuta mgongoni. Kuna siku alimwacha na njaa hadi jioni, na kuna siku alilala kando yake akilia. Ukanda ulibaki nyasi. Nyumba ya Abner haikuwa na mwanamume wa kupigana, na Mogire hakuweza tena kuvuta upinde, lakini hakuna aliyemwamini mwenzake kiasi cha kuweka jembe. Ile mifereji ilifunikwa. Vipozamataza waliendelea kuzaa humo kila mvua, na hata kwenye udongo ule uliogeuzwa, nyasi zilipoota mashina, Nyamoita alikuta kiota. Hakukimbilia tena pale kujificha. Alikwenda tu, mchana, akakaa.

Abner alikufa mwaka wa 1976, katika kiangazi. Ombui alikuwa ameshazeeka lakini akili yake ilikuwa ileile. Kabla jeneza halijaletwa alikuwa ameshawapeleka vijana kuchimba kaburi katikati ya ukanda. Kila mtu alielewa. Mwanamume akishalala mahali, pale ni kwake, na hakuna afisa atakayemfukua.

Wana wa Mogire wakatoka na mishale. Waombolezaji wakatawanyika, akina mama wakiwavuta watoto, mchungaji akiwa bado ameshika Biblia wazi. Mshale wa kwanza ulimpata mchimbaji pajani. Mawe yakaanza kuruka pande zote mbili. Nyamoita alikuwa amekaa kando ya jeneza kama mjane anavyokaa. Aliinuka, akavuka mtaro, akafika kwenye lile rundo la udongo, akachukua jembe la yule kijana aliyeanguka, akaanza kurudisha udongo shimoni.

"Mwanamke, unafanya nini?" Ombui alilia.

"Nafukia."

"Huyo ni mume wako!"

"Ndiyo. Atazikwa kwake, nyuma ya nyumba yake. Hapa hapazikwi mtu."

Jiwe lilimpata mdomoni. Hakujua lilitoka upande gani, na baadaye pande zote mbili zilikana. Alitema jino pamoja na damu, akaendelea. Kisha akasikia jembe jingine karibu yake. Eucabeth alikuwa amevuka kutoka upande wa pili, mkono wake uliopinda umeshikilia mpini vibaya, anavuta udongo kwa shida, kidogo kidogo. Mume wake alimwita mara kadhaa kutoka kwenye migomba. Aliendelea kuvuta udongo. Wana wake walishusha mishale, kwa sababu hawakuweza kulenga bila kumpiga mama yao. Wale wa Ombui nao waliona aibu kuwapiga mawe wajane na vilema, au walichoka. Wanawake wale wawili walifukia shimo hadi likajaa, wakalikanyaga kwa miguu. Abner alizikwa alasiri nyuma ya nyumba yake, na waliomwimbia walikuwa wachache.

Maafisa wa ardhi walirudi mwaka wa 1978. Safari hii walikuta mjane na kilema wa vidole, wakaukata ukanda katikati kwa urefu, nusu huku, nusu kule, na hakuna aliyepiga kelele. Nyamoita alilima nusu yake kwa jembe la mkono. Kabla ya kuanza aliipita yote kwa magoti, akapata kiota kimoja chenye makinda, akaacha shina lile la nyasi limesimama peke yake kwenye udongo mpaka makinda yalipotoka. Kisha akalilima nalo. Watoto walikuwa wanataka kula. Mvua zilizofuata dume mmoja alipiga mluzi juu ya kichuguu kilichobaki, asubuhi na jioni, bila jike. Baadaye naye hakuonekana. Wapita njia walisema wengine wako kwenye malisho ya ng'ambo ya kijito, na huenda ni kweli.

Baada ya mavuno ya kwanza walipanda mikonge ya mpaka. Walikuwa Nyamoita, Eucabeth na Mogire, na kamba iliyovutwa toka kileleni hadi kijitoni. Nyamoita alifunga mafundo, maana Mogire hakuweza. Walikuwa wamefika nusu ya mteremko, jua kali, kila mtu kachoka, pale Mogire alipoinama kuchimba shimo la mkonge na kutia mguu wake wa kushoto upande wa pili wa kamba.

"Shemeji," Nyamoita alisema. "Mguu."

Mogire alitazama chini. Alitazama pia panga la kukatia mikonge, ambalo lilikuwa limeshainuka mkononi mwa Nyamoita, si juu sana, kiasi cha kiuno. Akajaribu kucheka. Nyamoita hakucheka. Eucabeth, aliyekuwa nyuma na kikapu cha miche, alisimama akimtazama mumewe, hakusogea kumtetea.

Mogire akauvuta mguu wake nyuma ya kamba. Nyamoita akashusha panga, akamnyooshea mche uliofuata.